Fanki: Uvundo Uliogeuka Sifa

Mwaka 1623 Mwingereza mmoja aliyekuwa akiishi katika koloni changa la Virginia, kwenye pwani ya Marekani, aliandika barua akilalamikia hali ya meli zilizokuwa zikileta wahamiaji. Chini ya sitaha, alieleza, usiku ulipoingia kulipanda harufu nzito iliyomziba mtu pumzi, naye aliamini kwamba harufu hiyo inaozesha damu na kuzaa maradhi ya kushabihi tauni. Kuitaja, aliandika neno funk. Hayo ni miongoni mwa matumizi ya mwanzo kabisa ya neno hilo yaliyohifadhiwa katika maandishi ya Kiingereza.

Angalia alichokuwa akikinusa. Hakikuwa mzoga wala choo wala mtaro. Ilikuwa harufu ya watu walio hai, waliosongamana mahali pasipo dirisha, waliokosa maji ya kuoga na nguo za kubadilisha. Karne nne baadaye neno limezunguka dunia, na bado halijaondoka mbali na ngama ile.

Kijana wa Nairobi au Dar es Salaam anayelijua kwa sikio tu, yaani fanki, analijua kama jina la muziki: besi inayodokoa, ngoma inayokazia pigo la kwanza, gitaa linalokwaruzwa kwa ufupi, tarumbeta zinazoingia ghafla na kunyamaza ghafla. Kwake ni neno la sifa. Akihamia Chicago, siku moja atamsikia mama akimwambia mwanawe kwamba chumba chake kiko hivyo hivyo, funky, na mama huyo hatakuwa anasifu chochote. Kiingereza kina maneno mengi yaliyopanda kutoka tusi hadi sifa, lakini kawaida yake yakishafika juu huitupa ngazi. Neno nice, ambalo leo ni zuri, karne ya 14 lilikuwa na maana ya mpumbavu, na hakuna anayelikumbuka hivyo tena. Mavi ya kale hayanuki, ndivyo tusemavyo. Neno funk limekataa methali hiyo. Limepanda huku likinuka, nami naona kwamba kunuka ndiko kulikolipandisha: ondoa jasho ndani yake, na sifa yenyewe haina maana.

Lakini asili yake ni moshi. Wanaisimu wengi hulifuata hadi lahaja za Kifaransa zilizokuwa na kitenzi cha kutoa moshi, nacho kikatokana na Kilatini fumigare, kutoka fumus, yaani moshi. Katika Kiingereza cha zamani hizo kumfanyia mtu funk kulikuwa kumpulizia moshi, hasa wa tumbaku, mpaka akohoe. Na tumbaku ndiyo iliyoiokoa Virginia isife njaa kibiashara. Neno na koloni vilikulia katika moshi mmoja. Kutoka mzizi huohuo wa Kilatini likatokea pia neno perfume, manukato, kwa maana ya kitu kilichopitishwa motoni kikafuka. Uvundo na manukato, katika Kiingereza, ni watoto wa shangazi na mjomba. Aliyekulia pwani akaona nguo za sikukuu zikifukizwa udi juu ya chetezo hatashangaa sana: moshi ni moshi, inategemea umechoma nini.

Moshi uko hata pengine. Neno reek, ambalo leo humaanisha kunuka vibaya, zamani lilikuwa moshi tu, na mji wa Edinburgh ulipewa lakabu kutokana nalo kwa sababu ya makaa yaliyokuwa yakiwaka katika kila nyumba. Stink, ambalo leo ndilo neno la kawaida la kunuka, katika Kiingereza cha kale liliweza kutumika kwa harufu yoyote, hata ya ua. Ndiyo tabia ya maneno ya harufu: huanza yakiwa hayana upande, kisha huporomoka. Hata kwetu, kunuka na kunukia vimegawana kazi waziwazi, lakini neno harufu, ambalo kwa kamusi halina ubaya, ukilisema peke yake limeshaelemea upande mmoja. Ingia nyumba ya mtu useme "kuna harufu humu" uone kama mwenyeji ataenda kukuletea chai. Kwa hiyo ajabu ya funk ni kwamba limekwenda kinyume na mkondo. Wenzake wote walishuka.

Kabla hatujaendelea, kuna pacha wa sauti anayepaswa kuwekwa kando. Katikati ya karne ya 18 wanafunzi wa Oxford walikuwa na funk yao iliyomaanisha hofu, na asili yake huenda ni Kiflemi, neno lenye maana ya fadhaa. Huyo hana uhusiano na harufu. Kutoka kwake vilitokea vishimo vya kujificha ambavyo askari wa Kiingereza waliviita kwa jina hilo katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na msemo wa rangi ya buluu, blue funk, ambao Mwingereza huutumia kwa woga mkubwa ilhali Mmarekani huutumia kwa huzuni na unyong'onyevu. Mmarekani akikuambia yuko ndani ya funk, mpe pole; hajasema kwamba hajaoga.

Turudi kwenye pua. Mipaka ya funk ni myembamba kuliko watu wanavyodhani. Kiingereza kina stench kwa kilichooza na kufa. Kina pong, ambalo Waingereza hulitumia nusu kwa mzaha. Kina musty kwa kilichofungiwa na kuota ukungu. Funk hukaa jirani na hilo la mwisho lakini ina joto la mwili ndani yake: shuka zisizoanikwa, soksi za mchezaji, mbwa aliyenyeshewa, chumba walimolala watu wanane, jibini ya siku nyingi. Bomba la moshi la lori halitoi funk. Panya aliyekufa darini naye hatoi. Inahitajika kitu kilicho hai, au kilichokuwa kikiguswa na kilicho hai, kikaachwa kikajifukia mwenyewe. Kiswahili cha nyumbani kina neno linalokaribia sana, ambalo ni uvundo kama linavyotumika kwa nguo: si uvundo wa maiti, bali ule wa kanga iliyokunjwa mbichi na kutiwa kabatini. Ukiongeza kikwapa kidogo, umefika.

Kivumishi funky kilionekana katika maandishi mwaka 1784, na kilichoelezwa hivyo kilikuwa jibini. Mwaka uliofuata, huko Paris, kilitoka kitabu cha Thomas Jefferson kuhusu jimbo lake la Virginia. Ndani yake mtu huyo, ambaye maishani mwake alimiliki watumwa zaidi ya 600, alidai kwamba watu weusi hutoa taka zaidi kwa ngozi kuliko kwa figo na kwamba ndiyo sababu wana harufu kali isiyopendeza. Aliliandika jambo hilo kwa sauti ya mwanasayansi, katika orodha ya mambo aliyoona yanazuia watu weupe na weusi kuishi pamoja. Hakutumia neno letu, lakini alilitayarishia kiti. Hadi kufika mwanzoni mwa karne ya 20, waandishi weupe wa Marekani walikuwa wakilitumia funky kwa harufu waliyodai ni ya watu weusi peke yao.

Madai hayo hayana mguu wa kusimamia, na kemia yake ni rahisi. Jasho likitoka tu karibu halina harufu. Bakteria wa kwenye ngozi, hasa kwapani na kati ya vidole vya miguu, ndio wanaolivunjavunja na kutoa kinachonukia au kunuka, na bakteria hao wako kwa kila mtu. Kilichokuwa tofauti Virginia ni kazi. Mtu aliyeshinda katika shamba la tumbaku tangu alfajiri, akiwa na nguo moja, atanuka. Na mwenye shamba aliyeshinda barazani na kitabu, akiletewa maji ya kuogea na huyohuyo aliyetoka shambani, hatanuka. Jefferson alinusa utaratibu aliousimamia yeye mwenyewe, akauita maumbile.

Sasa twende New Orleans, maana huko ndiko neno lilikobadili mwenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20 mpiga koneti aliyeitwa Buddy Bolden alikuwa akiwachezesha watu katika ukumbi wa Union Sons uliokuwa mtaa wa Perdido. Bolden alizaliwa mwaka 1877, akapatwa na maradhi ya akili, akaingizwa hospitali mwaka 1907 na kufia huko 1931. Hakuna hata sekunde moja ya upigaji wake iliyobaki katika santuri. Kilichobaki ni sifa ya ukali wa koneti yake na wimbo mmoja ambao mpiga piano Jelly Roll Morton aliurekodi miaka mingi baadaye, mwaka 1939. Maudhui ya wimbo huo, ukiyasema kwa adabu, ni kwamba ukumbi umejaa, watu wamecheza mpaka hewa imeharibika, tafadhali fungueni dirisha. Jina ulilojulikana nalo mitaani lilikuwa Funky Butt, na neno la pili ni makalio. Ukumbi wenyewe ukaishia kuitwa kwa jina hilo.

Hapa ndipo ninapoona mgeuko. Harufu ni ileile ya barua ya 1623, watu wengi katika nafasi ndogo isiyo na hewa. Lakini safari hii waliojazana wamekuja kwa miguu yao, wamelipa kiingilio, na jasho wanalotoa ni la kwao wenyewe. Hakuna bwana wa kulitoza. Siku sita wametokwa na jasho kwa faida ya mtu mwingine. Usiku wa Jumamosi wanalitoa kwa hiari, kwa furaha, mpaka kuta zinalowa. Anayetania kwamba ukumbi unanuka ni mwanamuziki aliyesimama katikati ya harufu hiyo, naye ni mmojawapo wa wanaoitoa. Tusi linapotamkwa na aliye ndani ya chumba halibaki tusi lilelile.

Kuna maelezo mengine ya mgeuko huo, na msomaji wa Kiswahili atayapenda upesi, kwa hiyo yanahitaji subira. Mwaka 1983 Robert Farris Thompson, mwanahistoria wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Yale, alichapisha kitabu kuhusu sanaa na falsafa za Kiafrika zilizovuka Atlantiki. Humo alipendekeza kwamba funky ya watu weusi wa Marekani inatokana na neno la Kikongo, lu-fuki, lenye maana ya harufu kali ya mwili. Hoja yake haikuishia kwenye sauti. Alieleza kuwa Wakongo hulitumia neno hilo pia kumsifu mtu aliyejituma kweli katika sanaa yake hadi jasho likamtoka, na kwamba jasho la mzee aliyefanya kazi ya haki huhesabiwa kuwa na baraka. Wanamuziki wa jazi nao, alisema, humsifu mwenzao kwa namna hiyohiyo na kwa sababu hiyohiyo.

Mazingira yanaiunga mkono hoja hiyo. Watu waliotekwa kutoka eneo la Kongo walikuwa sehemu kubwa ya watumwa waliofika Amerika, Louisiana ikiwemo, na huko New Orleans uwanja waliokuwa wakikusanyikia Jumapili kupiga ngoma na kucheza unaitwa Congo Square mpaka leo. Mwaka 1817 baraza la mji lilitunga amri ya kuwabana watumwa wakusanyike mahali pamoja palipoteuliwa, na hapo ndipo walipokutana. Bolden alikulia umbali wa kutembea kwa miguu.

Nasi wasemaji wa lugha ya Kibantu tunaingia mtegoni kwa raha zetu. Kwani hatuna fuka, fukiza, fukuto? Mtu huketi penye fukuto akatoka jasho, udi hufuka, nguo hufukizwa. Ukiziweka karibu na lu-fuki unaona ukoo mzima umejipanga, na inabaki hatua moja tu kutangaza kwamba mwimbaji wa fanki James Brown alikuwa akiimba Kiswahili. Hatua hiyo tusiichukue. Lugha zina sauti chache na maneno mengi, na kugongana ni lazima. Katika lugha ya Kimbabaram ya Waaborijini wa Australia mbwa aliitwa dog, sawasawa na Kiingereza, na wanaisimu wameonyesha kwamba ni sadfa tupu. Tena Thompson ana kikwazo ambacho hakiondoki: Kiingereza kilikuwa na funk, kwa umbo lilelile na kwa maana ya harufu mbaya, tangu miaka ya 1620, na kilikuwa nalo funky la jibini zaidi ya karne moja kabla ya Bolden kupiga koneti. Waliokuwa wakisema Kiingereza Louisiana hawakuhitaji kuliazima kutoka popote.

Lakini kikwazo hicho kinahusu umbo tu. Hakielezi sifa. Waingereza walikuwa na neno hilo miaka mia mbili na hamsini bila kumsifu mtu nalo hata mara moja. Wazo kwamba jasho la mwenye kujituma ni heshima, na kwamba usanii usio na jasho ni wa kutiliwa shaka, hilo halikutoka Oxford. Naona kilichotokea ni kukutana: neno la Kiingereza likaingia kwenye vinywa vya watu ambao mizani yao ya thamani ilikuwa tayari inalipa jasho uzito mwingine, na lu-fuki, kama lilikuwa bado linakumbukwa, lililisukuma tu lilikokuwa likielekea. Jambo la namna hiyo haliachi risiti. Anayedai kwa uhakika kwamba funk ni Kikongo, na anayedai kwa uhakika kwamba Kongo haina chake humo, wote wawili wanazidisha.

Baada ya New Orleans neno lilikaa miongo kadhaa katika maongezi ya wanamuziki, huku wazazi wa kanisani wakiwapiga vibao watoto waliolitamka. Lilitoka tena miaka ya 1950. Jazi ilikuwa imepata mtindo wa utulivu, wa sauti za chini na suti zilizopigwa pasi, uliopendwa sana California, na wanamuziki weusi kadhaa wa upande wa mashariki walichoka nao. Wakarudisha blues, wakarudisha mapigo ya kanisani, na kitu hicho wakakiita kwa jina la uvundo kwa makusudi. Mpiga piano Horace Silver, ambaye baba yake alitoka Cape Verde, alirekodi mwaka 1953 kipande alichokiita Opus de Funk. Kichwa hicho ni mzaha mzuri: neno la kwanza limetoka katika kumbi za muziki wa kifalme wa Ulaya, la mwisho limetoka kwapani. Mwaka mmoja baadaye jarida la Time lilikuwa likiwafafanulia wasomaji wake maana ya neno hilo.

Halafu akaja James Brown, ambaye kwake jasho halikuwa mfano wa kitu kingine. Alikuwa akipiga magoti, anafunikwa joho kama mtu aliyemalizwa, analitupa, anarudi kwenye kipaza sauti akiwa amelowa. Wimbo wake wa mwaka 1967 ambao wengi huuhesabu kuwa mwanzo wa fanki kama aina ya muziki una jina la jasho lenyewe, Cold Sweat. Ndani yake karibu hakuna mabadiliko ya kodi za muziki. Kila ala imegeuzwa ngoma, na uzito wote umehamia kwenye pigo la kwanza la kipimo. Miaka miwili baadaye mpiga ngoma wake Clyde Stubblefield alirekodi Funky Drummer, na kipande kifupi cha ngoma zake humo kimekatwa na kubandikwa katika nyimbo nyingi za hip hop kuliko mtu anavyoweza kuzitaja. Mwaka huohuo wa 1969, mwezi wa Novemba, wakuu wa Dar es Salaam walipiga marufuku muziki wa soul katika kumbi za jiji kwa hoja kwamba unaharibu vijana na si utamaduni wetu. Viongozi hao wangesoma hoja ya Thompson kuhusu Kikongo, pengine wangeona aibu kidogo, au wangeipiga marufuku pia.

Miaka mitano baadaye muziki huo ulipokelewa Kinshasa kwa mikono miwili. Tamasha la Septemba 1974, lililoandaliwa kusindikiza pambano la ndondi la Muhammad Ali na George Foreman, lilimleta James Brown kwenye Uwanja wa 20 Mei pamoja na B.B. King, Bill Withers, Celia Cruz na Miriam Makeba, wakitumbuiza jukwaa moja na Franco na Tabu Ley. Brown akaimba akitokwa na jasho kama kawaida yake, mbele ya umati ambao ndani yake walikuwemo wasemaji wengi wa Kikongo. Kama lu-fuki kweli ilivuka bahari, basi usiku huo ilirudi ikiwa na gitaa la besi.

Tangu hapo neno limetawanyika, na matawi mengine ni membamba. Mtu wa mitindo huliita koti la rangi zisizopatana funky, akimaanisha kwamba lina ujasiri. Huko harufu imefifia kabisa, na naona sifa nayo imefifia, maana koti la bei mbaya halijamtoa mtu jasho. Fundi wa kompyuta husema mashine inafanya funky, kwa maana kwamba inasumbua kwa namna isiyoeleweka. Hilo liko karibu zaidi na uvundo, kitu kimeharibika lakini hujui ni wapi. Anayefasiri maandishi ya filamu asikimbilie neno moja. Taulo likiwa hivyo, lina uvundo. Mtu akiwa hivyo, ananuka kikwapa. Samaki akiwa hivyo, ana shombo, na afadhali asiliwe. Mpiga besi akiwa hivyo, mdundo wake umekolea. Na mtu akimwambia mtu, itabidi mfasiri atazame nyuso: mcheza dansi mweusi akimwambia mwenzake ni pongezi, na mgeni akimwambia yuleyule katika lifti ni ugomvi.

Tawi lililonivutia zaidi ni la chakula, kwa sababu huko neno limerudi kwenye jibini lilikoanzia mwaka 1784, safari hii kwa sifa. Wajuzi wa ramu ya Jamaika hutumia funk kwa ile harufu ya maembe yaliyoiva kupita kiasi inayotokana na uchachushaji wa muda mrefu, na huilipia. Watengenezaji wa bia huitafuta kwa kuingiza hamira iitwayo Brettanomyces, iliyopewa jina hilo mwaka 1904 na mtafiti wa kiwanda cha Carlsberg na ambayo viwanda vingine huiua kwa dawa vikiiona. Mzanzibari mla doriani hahitaji kuelezwa mantiki hiyo.

Jibini ina sababu ya kuwa ndugu wa miguu. Harufu ya soksi hutokana kwa sehemu kubwa na asidi ya isovaleriki, na asidi hiyohiyo imo katika jibini nyingi. Ganda la jibini ya Limburger huivishwa na bakteria wa jenasi ya Brevibacterium, ambao jamaa zao huishi kati ya vidole vyetu vya miguu. Mwaka 2005 watafiti wa Oxford walichapisha jaribio ambamo watu walinusishwa mchanganyiko wa asidi hiyo na ladha ya jibini ya cheddar huku wakisomeshwa maneno kwenye skrini. Palipoandikwa jibini, waliipa harufu alama za juu. Palipoandikwa harufu ya mwili, waliishusha. Si kwamba walijibu kwa adabu tu. Picha za ubongo zilionyesha kuwa sehemu zinazopima utamu wa harufu zenyewe zilibadilika kufuatana na neno. Alichokifanya Bolden ukumbini, kwa maana hiyo, hakikuwa mchezo wa maneno pekee. Waliokubali jina jipya la hewa ile huenda kweli waliivuta tofauti.

Kwa mbu aenezaye malaria, Anopheles gambiae, ambaye hupenda kuuma miguuni na kwenye vifundo, neno halibadilishi kitu. Mwaka 1996 watafiti wawili wa Uholanzi, Bart Knols na Ruurd de Jong, walionyesha kwamba mbu huyo huvutwa na jibini ya Limburger, na miaka kumi baadaye wakapewa Tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza. Huko Ifakara, Tanzania, mtafiti Fredros Okumu na wenzake waliichukulia harufu ya miguu kwa uzito wake: mwaka 2010 walichapisha matokeo ya mchanganyiko wa asidi za namna hiyo, amonia na hewa ya ukaa, uliotiwa katika vibanda vya majaribio, na mbu wengi zaidi wakaingia palipokuwa na mchanganyiko kuliko palipolala mtu.